Kioo Cheusi cha Mchana Kisiwe Pazia la Usiku

Kijana mmoja, dereva wa bodaboda katika mji wa Mombasa, alitujia siku moja baada ya sala ya Alasiri na helmeti yake kwapani, akatuuliza swali ambalo mtu mwenye haraka angelidhani ni dogo. Kioo cha helmeti ile kilikuwa cheusi, na alipokiteremsha uso wake wote ulijificha, hata tusingalimjua lau tungalikutana naye njiani. Akasema: "Maalim, mama hukasirika kila nitokapo usiku na kioo hiki. Mimi naona hakina neno. Mchana chanikinga na jua, na usiku chanikinga na taa za magari. Kati yangu na mama, nani mwenye haki?"

Tulimwomba atupe muhula, kwani hatukupenda kumjibu kwa dhana. Leo twamjibu, na jawabu yetu twaiandika hapa kwa sababu twajua kwamba katika nyumba nyingi za wasomaji wetu mna kijana mwenye pikipiki, na mna mama ambaye halali mpaka ausikie mlio wa pikipiki hiyo ukizimwa mlangoni.

Kwa kifupi, kijana ana haki mchana, na mama ana haki usiku. Ama sababu zake, zataka maelezo.

*Haki ya mchana*

Hapana ubaya katika kujikinga na jua. Mwenye kupanda pikipiki katika pwani yetu hukabiliwa na jua la juu, na mng'ao wa lami, na mng'ao wa bahari, na jua la jioni linaloteremka likamwingia machoni moja kwa moja. Mtu anayekunja uso kutwa nzima huchoka, na aliyechoka hukosea. Basi kioo chenye rangi, kikitumiwa wakati wake, ni msaada.

Lakini yafaa ijulikane kwamba weusi ni jambo moja, na kinga ya jicho ni jambo jingine. Watu wengi hudhani kuwa kioo cheupe huyaachia macho yaunguzwe na miale ya jua, na kwamba kadiri kioo kinavyozidi kuwa cheusi ndivyo kinavyozidi kukinga. Sivyo. Vioo vizuri vya helmeti hufanywa kwa plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, iliyovumbuliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell huko Ujerumani, na katika siku hizo hizo ikavumbuliwa mbali naye na Daniel Fox huko Marekani. Plastiki hiyo kwa tabia yake huizuia karibu miale yote ya urujuanimno, yaani ile miale isiyoonekana ambayo hulidhuru jicho, hata ikiwa ni nyeupe kama maji. Kwa hiyo mwenye kioo cheupe cha polikaboneti hajaacha macho yake wazi. Alichokosa ni kivuli tu, na kivuli hakihitajiwi usiku.

*Nuru ya tajiri na nuru ya maskini*

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita alizaliwa Basra mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyefariki Misri kiasi cha mwaka 1040, na aliyetunga kitabu kikubwa cha elimu ya kuona, *Kitab al-Manazir*. Yeye alieleza kwamba jicho huona kwa nuru inayotoka kwenye vitu na kuliingia, wala halioni kwa nuru inayotoka ndani yake. Alieleza pia kwamba nuru kali huliumiza jicho, na kwamba nyota ziko mbinguni mchana kama usiku, ila mwangaza mwingi wa mchana huzificha. Katika maneno haya umo msingi wa mas'ala yetu: jicho halina nuru yake. Linaishi kwa kile kinacholifikia, na kikizuiliwa, halina pengine pa kupata.

Wataalamu hupima nuru kwa kipimo kiitwacho laksi. Jua la adhuhuri lisilo na mawingu hutupa kiasi cha laksi 100,000. Barabara ya mjini yenye taa hupata kama laksi 10 hivi, na mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata nusu ya laksi moja. Tazama umbali uliopo kati ya hesabu hizo! Mwenye kutoka juani akaingia katika barabara yenye taa usiku, nuru yake imepungua mara 10,000.

Mwenyezi Mungu ameliumba jicho liweze kuyastahimili mabadiliko hayo. Mboni ya kijana, ambayo mchana hujibana ikawa na upana wa milimita 2 hivi, gizani hufunguka ikakaribia milimita 8, na kwa hivyo mlango wa nuru huongezeka mara 16. Kisha nyuma ya jicho zimo chembe za aina mbili: kiasi cha milioni 6 zifanyazo kazi mchana na kutambua rangi, na kiasi cha milioni 120 zifanyazo kazi gizani. Lakini chembe hizi za gizani hazina haraka. Hutaka dakika 20 mpaka 30 ndipo zipate nguvu zake zote. Hata baada ya hapo jicho la usiku halioni kama la mchana: halijui rangi, wala halitambui vizuri kitu chenye weusi kilichosimama mbele ya weusi mwingine.

Sasa chukua kioo kinachoipitisha nusu ya nuru na kuizuia nusu. Mchana katika 100,000 zabaki 50,000, na jicho halioni upungufu wowote wa maana. Ni kama tajiri aliyetoa nusu ya mali yake, na bado akabaki tajiri. Lakini usiku katika 10 zabaki 5, na pale penye mbalamwezi tupu hapabaki kitu. Huyu ni maskini mwenye pishi moja ya unga aliyenyang'anywa nusu yake. Nusu ni ile ile, lakini mmoja hakujua kama ametoa, na mwenziwe amelala na njaa.

Kwa mwenye umri mkubwa jambo ni zito zaidi, kwani mboni ya mzee haifunguki gizani kama ya kijana. Baba aazimaye pikipiki ya mwanawe pamoja na helmeti yake asidhani kwamba kilichomfaa mwana usiku, ikiwa kilimfaa kweli, kitamfaa na yeye.

*Hoja ya taa za magari*

Kijana wetu alisema kioo cheusi humkinga na taa za magari yanayomkabili. Hoja hii tumeisikia kwa wengi, na kwa nje yaonekana ya kweli, kwa sababu mwenye kioo cheusi huhisi raha. Lakini kioo hakina akili ya kuchagua. Hakiwezi kuipunguza taa ya gari na kumwacha mtu aliye kando ya taa hiyo. Kikizuia nusu ya taa, huzuia na nusu ya ile nuru haba iliyomfikia yule mtu. Taa ikipunguzwa nusu bado ni taa. Mtu akipunguziwa nusu hatoki tena machoni. Basi ile raha aipatayo dereva ni raha ya kutoona, sio ya kuona vizuri.

Wako na wengine wanaosema kuwa kioo cha njano huongeza mwangaza usiku. Hapana kioo duniani kinachoongeza mwangaza, kwani kila rangi hutoa na haitii. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya macho ya Schepens, Boston, Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya miwani ya njano inayouzwa kwa madereva wa usiku. Waliona kwamba haikuwasaidia kuwaona watu waendao kwa miguu wakati taa za gari zinapowakabili.

Mara nyingi kile kinachomfanya dereva ateseke na taa za magari ni mikwaruzo. Kioo kilichopanguswa vumbi kikavu kwa kiwiko cha shati, siku baada ya siku, hujaa michirizi midogo, na kila mchirizi huitawanya taa inayokuja ikawa kama moto uliotapakaa. Dawa yake ni kukibadilisha kioo. Kukitia weusi hakuondoi mkwaruzo.

*Wanasemaje wenye kuweka kanuni*

Iko kanuni ya Umoja wa Mataifa juu ya helmeti, namba 22, iliyoanza kutumika mwaka 1972 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Katika rekebisho lake la 05, ambalo limetumika miaka mingi, kioo cha kuvaliwa saa zote hutakiwa kipitishe nuru isiyopungua 80 katika kila 100. Kioo kinachopitisha chini ya 80 lakini zaidi ya 50 kimeruhusiwa mchana tu, na ni lazima kiwe na alama au maandishi yanayosema hivyo. Kwa Waingereza, kitabu cha kanuni za barabarani kinawakataza madereva wasivae miwani wala vioo vyenye rangi usiku, au palipo na mwangaza hafifu, ikiwa vinawapunguzia kuona.

Msomaji na akichukue kioo cha nyumbani kwake akitazame pembeni. Kioo kilichopimwa kwa kanuni hiyo kina herufi E ndani ya duara, na namba ya nchi iliyokipitisha. Vioo vingi vyeusi tulivyovitazama sisi havina alama hiyo wala maandishi yoyote, na kisicho na alama hapana ajuaye kinapitisha kiasi gani. Kadhalika mtu asisahau kwamba vioo viwili huzidishana. Aliyevaa miwani ya jua inayopitisha 20 katika 100, na juu yake akateremsha kioo kinachopitisha 50, macho yake hupata 10 tu katika 100. Mchana kwenye kivuli cha miembe hilo ni giza, sembuse jioni.

*Ni nani alipaye thamani?*

Hapa ndipo penye uzito wa mas'ala haya, na ndipo mama wa kijana alipomshinda hoja mwanawe bila ya kusoma kitabu cha elimu ya nuru.

Sisi tukaao karibu na mstari wa ikweta hatuna jioni ndefu. Jua likishatua, utusitusi hauchukui ila dakika 20 au zaidi kidogo, kisha usiku huwa umeingia. Na ni nani aliye barabarani katika dakika hizo? Ni wanaume waendao kusali Magharibi. Ni watoto waendao na watokao madrasa. Ni akina mama waliovaa mabuibui meusi wanaotoka dukani au kwenye msiba. Katika mwezi wa Ramadhani huwa ni mji mzima unaotoka tarawehe. Njia nyingi za mitaa yetu hazina taa, na nyingi hazina mahali pa kupita waendao kwa miguu, hata ikawa mtu na pikipiki wanagawana ukingo mmoja wa lami.

Dereva aendaye kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde moja. Akichelewa kumwona mtu kwa sekunde moja tu kwa sababu ya kioo chake, mita hizo 14 zimekwisha kabla hajagusa breki. Na lililo baya zaidi ni kwamba mwenyewe hatajua. Kitu kisichoonekana hakitoi habari ya kutoonekana kwake. Ndiyo maana mtu husema, "Nimeendesha miaka miwili na kioo hiki, sijapata kitu." Hajui ni wangapi waliojirusha pembeni ili yeye asipate kitu.

Basi aliyekichagua kioo ni mmoja, na anayeilipa thamani yake ni mwingine, ambaye hakuulizwa wala hakukubali. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alitufunza kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni sadaka. Itakuwaje hali ya mtu anayekitia yeye mwenyewe njiani chenye kudhuru, kwa ajili ya mapambo? Wala asiseme "sikukusudia" akadhani amemaliza. Sheria yetu haikuliacha jambo la kuua kwa makosa lipite bure. Imeweka diya kwa jamaa wa marehemu na kafara juu ya aliyeua.

Tulipokwisha kuyakusanya haya, tulikwenda kwa akina kijana yule baada ya sala ya Magharibi. Hatukumsomea hesabu. Tulimwomba mama yake asimame kando ya ukuta wa jirani, mwisho wa uchochoro, naye akiwa na buibui lake kama atokavyo kila siku. Kijana hakuambiwa amesimama wapi. Akateremsha kioo, akatazama, akasema: "Naona ukuta, na taa ya duka." Tukamwambia akiinue. Akakiinua, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe mama yuko pale." Hakuna aliyeongeza neno. Mama alirejea ndani, na yeye akaingia kutafuta bisibisi.

Jaribio hili kila nyumba yaweza kulifanya, bila ya gharama, nasi twawasihi wasomaji walifanye jioni ya leo.

*Lifanywe nini*

Kwanza, mtu asije akaichukia helmeti kwa ajili ya kioo. Uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali uliokusanywa pamoja mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali kwa kiasi cha 42 katika 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha 69 katika 100. Helmeti ibaki kichwani, ya dereva na ya abiria wake, nayo ifungwe mkanda.

Pili, mwenye uwezo wa kupata kioo kimoja tu, na kiwe cheupe. Kioo cheupe hufaa mchana na usiku, na cheusi hufaa mchana peke yake. Juani aweza kuvaa miwani ya jua ndani yake, akaivua jua linapoinama.

Tatu, ziko helmeti zenye kioo kidogo cheusi cha ndani, ambacho huteremshwa na kuinuliwa kwa kidole huku kioo kikubwa cha nje kikibaki cheupe. Anunuaye helmeti mpya na aiulizie namna hii. Viko pia vioo vinavyogeuka rangi vyenyewe kwa jua. Hivyo ni vizuri, ila havirudi kuwa vyeupe papo hapo, na mwenye kuingia gizani ghafula asivitegemee. Ama miwani ya namna hiyo, ikivaliwa nyuma ya kioo cha polikaboneti haigeuki ipasavyo, kwa kuwa miale inayoigeuza imekwisha kuzuiliwa na kioo.

Nne, mwenye kupenda kioo chake cheusi achukue na cheupe pamoja naye, kimefungwa katika kitambaa laini, na akibadilishe kabla ya adhana ya Magharibi. Adhana hiyo na iwe saa yake. Asingoje mpaka aone kuwa haoni, kwani tumekwisha kueleza kuwa hataona.

Tano, aliyeshikwa na usiku naye hana ila cheusi, akiinue na aende polepole mpaka afike. Hii ni dharura tu. Mdudu au mchanga ukiingia jichoni pikipiki ikiwa mbioni, jicho lililo wazi hugeuka kuwa jicho lililofumbwa.

Sita, kioo kioshwe kwa maji na sabuni laini, kipanguswe kwa kitambaa safi kilicholowa. Kisioshwe kamwe kwa petroli wala kwa dawa ya kuyeyushia rangi, kwa maana hivyo huila polikaboneti na kuipasua nyufa ndogo ndogo. Kikishakwaruzwa sana, kitupwe.

Wala hatusemi kwamba mwendao kwa miguu hana lake la kufanya. Mtoto aendaye chuoni jioni na avae kanzu nyeupe, na mama atokaye usiku achukue tochi, au mtandio mweupe juu ya mabega. Lakini mzigo mkubwa uko juu ya mwenye chombo, kwani nguvu ni zake na mwendo ni wake.

Nanyi wazazi, msitosheke na kumwambia kijana "nenda polepole". Shikeni helmeti yake kwa mikono yenu, kitazameni kioo chake, na ikiwa hana fedha za kununua cheupe, basi mnunulieni. Nanyi vijana, uso wenu si aibu hata mkauficha usiku, na mwendo wa heshima ni ule ambao mtu wa njiani hutoka nao salama kama mlivyotoka ninyi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu katika safari zao za kutafuta riziki ya halali, na awahifadhi wote wanaowapisha njiani. Amin.